Okei Gani?

Pale saiti walimwita Kunguru, na jina lake la kitambulisho lilibaki kwa karani wa mishahara. Sababu ya kwanza ilikuwa kazi yake. Alikuwa dereva wa kreni, ile ndefu ya mnara, na kutwa nzima alikaa juu peke yake ndani ya kibanda cha vioo kisichozidi choo cha nje kwa ukubwa, akiwatazama wenzake utosini. Sababu ya pili ilikuwa kunguru wa kweli, ndege, aliyejenga kiota kwenye mkono wa kreni kwa vipande vya waya wa kufungia nondo, na ambaye dereva alikataa katakata kumfukuza. Msimamizi alipodai kiota kitolewe, dereva alimwambia apande mwenyewe akakitoe. Msimamizi akaitazama ngazi, akalitazama tumbo lake, na habari ya kiota ikaishia hapo.

Chini alikuwa Kasuku. Huyu ndiye aliyekuwa macho ya Kunguru. Alifunga mizigo kwenye ndoano, akaisindikiza kwa macho mpaka ilipotua, na muda wote huo alishikilia redio ya mkononi mdomoni akimwambia mwenzake wa juu la kufanya. Wajenzi walisema kampuni imeajiri ndege wawili, mmoja wa kukaa na mwingine wa kupiga kelele. Kasuku hakukasirika. Alikuwa mtu wa domo toka utotoni, na hapa alikuwa amepata watu wa kumlipa kwa domo hilo hilo.

Basi Kasuku alikuwa na neno lake moja alilolipenda kuliko yote, nalo ni okei. Sijui alilitoa wapi, maana Kiingereza chake kingine chote kingeenea kwenye kiganja, lakini hilo alilifuga na kulinenepesha mpaka likawa linafanya kazi ya maneno hamsini. Okei fupi iliyokatwa ilikuwa mzigo umefungwa, vuta. Okei ndefu ya kuvutwa ilikuwa umekaribia, punguza mbio. Okei mbili za harakaharaka, ganda hapo hapo ulipo. Ile ya puani ilikuwa msimamizi anapita nyuma yangu, tujifanye wenye adabu. Kulikuwa na okei ya njaa, okei ya kuchoka, na okei moja ya kuvuta pumzi ndani, ambayo Kasuku aliitoa kila alipoinama kufungua ndoano, kwa sababu ya kiuno.

Siku moja alikuja mkufunzi wa usalama, mtu wa kofia nyeupe isiyo na hata doa, akawaambia neno hilo ni marufuku kwenye redio. Alisema kila mtu huiwekea okei maana anayoitaka mwenyewe, na watu wamekufa kwa hilo. Waseme pandisha, shusha, simama, basi. Alikuwa na haki, na wote wakaitikia kwa vichwa, na Kasuku akamjibu okei. Marufuku ilidumu mpaka mkufunzi alipotoka nje ya geti.

Lakini usidhani walikuwa wanacheza na roho za watu. Walikuwa na dawa yao. Kunguru akisikia okei asiyoielewa vizuri, hakusogeza hata kidole. Alibonyeza kitufe akauliza, "Okei gani?" Naye Kasuku akaifafanua. Hakuna aliyeona haya kuuliza, wala aliyenuna kwa kuulizwa.

Na kulikuwa na upande wa nyuma wa jengo. Huko Kunguru hakuona kitu. Mzigo ukishapita ukuta, ulikuwa mikononi mwa sauti ya Kasuku tu, na Kasuku alipaswa kusema bila kupumua: shusha, shusha, shusha, taratibu, shusha. Sauti inapoendelea, mkono wa dereva unaendelea. Sauti ikikatika, hata kama ni betri, hata kama ni kikohozi, mkono unaachia na kila kitu kinasimama hewani. Hivyo ndivyo alivyofundishwa Kunguru na dereva mzee aliyemrithisha kazi, mtu mkali aliyekuwa akimpiga kofi la mkononi kila alipochelewa kuachia. Ukikosa sauti, simama. Yule mzee alikuwa na maneno mengine baada ya hayo, lakini Kunguru hakuwahi kuyahitaji, maana Kasuku hakuwahi kunyamaza.

Nyumbani ndiko kulikokuwa na ukimya.

Mke wa Kunguru alikuwa amefariki. Aliugua ugonjwa wa titi, ukaanza na kitu kidogo alichokidharau, ukaenda ukaenda, na mwisho wake ukawa ule tunaoujua. Waombolezaji walimminya mkono Kunguru mmoja baada ya mwingine wakimwambia itakuwa okei, na yeye aliwaitikia, kwa kuwa mfiwa hana nguvu ya kubishana na watu. Kisha wakarudi makwao, akabaki na chumba na sebule, kitanda kipana cha watu wawili, na masufuria ya ukubwa wa kupikia familia. Alizoea kula amesimama kando ya jiko, kwa sababu akikaa mezani aliona kiti cha pili. Upande wa mke wake kitandani aliweka nguo zilizokunjwa, zilizofuliwa na kukunjwa tena hata kama hazikuvaliwa, ili pasiwe patupu. Jioni zilimlemea kupita kiasi. Nasema wazi: mtu huyu alikuwa mpweke mpaka akaanza kuwahi kazini, ili tu akae juu amsalimu yule ndege wa kwenye waya.

Walikuwa na mtoto mmoja, binti, anayeuza kwenye duka la dawa katika mji mwingine, mwendo wa nusu siku kwa basi. Hawakuwahi kukosana. Tatizo lao lilikuwa kwamba hawakuwahi kuongea. Miaka yote simu ilikuwa ya mama. Mama ndiye aliyepiga, akacheka, akauliza, akakaripia, na mwishoni akasema, "Haya, baba yako anakusalimu," na baba kweli alikuwa pale pale kwenye kochi, ameinua mkono kusalimu kana kwamba simu ina macho. Kisha mama alimgeukia akamweleza yote aliyoyasikia. Kwa njia hiyo baba na binti walijuana vizuri sana bila kuzungumza. Mama alipoondoka, aliondoka na ulimi wa wote wawili.

Walijaribu. Kila asubuhi kabla ya kupanda ngazi, Kunguru aliandika ujumbe kwenye simu yake: Umeamkaje? Binti alijibu: Okei. Na yeye akamaliza: Okei. Ukipima, hayo yalikuwa maneno machache kuliko aliyomwambia kunguru. Lakini yalimtosha kupanda ngazi yote bila kusimama kupumzika, na pale juu alijisikia mtu mwenye mtu.

Sasa, simu haziruhusiwi kwenye kibanda cha kreni. Huachwa stoo, kwenye sanduku la mbao, chini ya jicho la mtunza stoo. Siku moja Kunguru aliposhuka alikuta binti amempigia, tena zaidi ya mara moja, mchana wa kazi, kitu ambacho hakijawahi kutokea. Mtu mwingine angepiga pale pale. Yeye alisimama kati ya mifuko ya saruji akiogopa simu itapokelewa kisha asijue pa kuanzia, na akafanya alichokizoea. Akaandika: Nilikuwa juu. Kila kitu okei?

Jibu lilichelewa. Lilipokuja lilikuwa lile lile. Okei.

Alilitazama mpaka kioo kikazima. Halikuwa fupi wala refu, halikuwa la puani wala la kuvuta pumzi. Herufi hazina koo. Kidole chake kilikwenda kuandika swali ambalo angemuuliza Kasuku bila kufikiri mara mbili, kikarudi. Aliona si swali la kumuuliza binti mtu mzima, ataonekana anamchunguza. Akaitia simu mfukoni.

Kesho yake aliandika umeamkaje, hakujibiwa. Keshokutwa hivyo hivyo. Siku iliyofuata alishika simu pale chini ya ngazi, akafikiri, akairudisha sandukuni. Sauti ilikuwa imekatika, na mkono wake uliachia. Huo ndio ulikuwa ustadi wake wa maisha, ule uliompa sifa kwamba chini ya kreni yake hajaumia mtu hata ukucha, na aliupeleka mzima mzima kwa mtoto wake. Alijiambia binti ana mambo yake, akinihitaji atasema. Aliita hiyo heshima. Heshima gani, na moyo wake ulikuwa unalika kila jioni akiwa amesimama kando ya jiko! Wiki zikawa miezi, na mzigo ukabaki unaning'inia.

Kasuku alinusa kitu. Alimuuliza redioni habari za mtoto, na Kunguru akamjibu okei. Kasuku akauliza okei gani. Kunguru akamwambia aangalie ndoano yake.

Siku ya mkasa ilikuwa ya kawaida kabisa, na upepo ulikuwa mdogo. Walikuwa wanapeleka nondo upande wa nyuma, fungu refu zito, na chini kulikuwa na mafundi waliojipanga kuzipokea kwenye ghorofa ya chini, nyuma ya ukuta, mahali ambapo hata wao hawakumwona Kasuku vizuri, maana alisimama peke yake kwenye ukingo ulio nyuma ya nguzo. Mzigo ulipita ukuta, ukapotea machoni. Kasuku akaanza wimbo wake: shusha, shusha, shusha, okeeei, shusha, shu.

Halafu hakuna.

Mkono wa Kunguru uliachia kabla hajafikiri. Nondo zikasimama. Akasubiri kikohozi kipite. Akasubiri Kasuku abadilishe betri. Kwenye kibanda kulikuwa na mvumo wa mtambo tu, na nje yule ndege alikuwa anahangaika na kipande cha waya kisichotaka kupinda. Kunguru alikaa na mikono magotini, dereva mwema aliyefuata kanuni, na alikuwa tayari kukaa hivyo mpaka jua lizame.

Hapo ndipo yule mzee mkali alipomrudia kichwani, na kofi lake. Kanuni haikuwa imeishia kwenye simama. Mzee alikuwa akisema yote kwa pumzi moja, kila asubuhi, mpaka mwanafunzi akachoka kusikiliza: ukikosa sauti, simama, ukishasimama, ita, usipojibiwa, ita tena, usiposikika, piga honi mpaka mtu aje. Mzigo hauachwi hewani na mtu haachwi kimya.

Alibonyeza kitufe. Akamwita Kasuku. Akamwita tena, akamwita kwa jina lake la kwao ambalo hata hakujua kama analikumbuka. Kisha akaikandamiza honi na hakuiachia. Ilikuwa honi ya kuamsha mtaa. Kunguru ndege akaruka akipiga kelele zake, mafundi wa upande wa mbele wakainua vichwa, msimamizi akatoka kwenye kontena la ofisi na kikombe mkononi, na Kunguru alikuwa akiwaonyesha kwa mkono kupitia kioo, nyuma, nyuma, nendeni nyuma. Wakakimbia. Walimkuta Kasuku amelala kwenye ukingo, shavu kwenye zege, mguu mmoja ukiwa nje kabisa ya ukingo, na redio imemwangukia kando.

Ilikuwa presha. Daktari alisema wangechelewa kidogo tu wangekuwa wanazungumza mambo mengine.

Kunguru alikwenda kumwona hospitali siku ya mapumziko. Mke wa Kasuku alikuwa ameketi kando ya kitanda akimenya chungwa, na alipomwona mgeni aliinuka akampa kiti na kumwita shemeji, akamwambia huyu hapa tangu azinduke anadai redio yake. Mdomo wa Kasuku ulikuwa umevutika kidogo upande mmoja na maneno yalitoka yakiburuta miguu. Kunguru, ambaye hakuwa na mazoea ya kuongea na Kasuku uso kwa uso, alitazama mto.

"Honi yako niliisikia," Kasuku alisema. "Na ulivyoniita, nilisikia yote."

Kunguru akashangaa, akamwambia alidhani alikuwa amezimia.

"Sikuzimia. Nilikuwa nakujibu, shemeji yako ni shahidi nimemweleza. Nilikuwa nakujibu ndani kwa ndani, mdomo tu ulikataa. Nikawa nasema, Mungu wangu, huyu anaijua kanuni, atasimama tu anisubiri. Akinyamaza na yeye nimekwisha."

Mke wake akamtilia kipande cha chungwa mdomoni, akamwambia apunguze maneno, na Kasuku akatafuna. Kunguru alitaka kujibu kitu cha mzaha kama ilivyo desturi yao. Badala yake machozi yalimtoka, mbele ya shemeji, hata hakupata muda wa kugeuka. Wenyeji wake walidhani analia kwa ajili ya mgonjwa, na kwa sehemu walikuwa sahihi. Sehemu iliyobaki ilikuwa ya mtoto ambaye labda alikuwa anamjibu ndani kwa ndani, siku zote hizi.

Alipotoka pale hospitali alimpigia binti simu akiwa bado kwenye ngazi. Iliita ikakatika yenyewe. Akapiga tena, ikaita mpaka mwisho. Kesho yake alimwomba msimamizi ruhusa, mara ya kwanza tangu msiba, na msimamizi, ambaye hakuwa na wa kumwelekezea kreni kwa wiki hiyo hata hivyo, alimpa.

Binti alipanga chumba kwenye nyumba ndefu yenye milango mingi inayotazama ua mmoja. Kunguru aliwahi kufika mara moja tu, na marehemu mkewe, wakati wa kumpelekea godoro. Aliukumbuka mlango kwa rangi. Uani alikuwepo mama mmoja anafua, mikono imo povuni mpaka kwenye viwiko, akamtazama mgeni kuanzia viatu.

"Hodi," alisema Kunguru.

Akasema hodi ya pili, akagonga. Alihisi mtu ndani, wazazi wana hisia hizo. Akasema hodi ya tatu, na hiyo ndiyo ya mwisho kwa mtu mwenye adabu zake. Usipokaribishwa hapo unageuza viatu na kurudi ulikotoka.

"Yumo," mama wa kufua alisema, bila kuinua kichwa. "Lakini siku hizi hafungulii mtu. Kazini haendi, anasema anaumwa. Wewe ni nani wake?"

"Baba yake."

Mama yule alisimamisha mikono. Alisema, kwa upole ambao ulimchoma kuliko tusi, kwamba hakujua kama ana baba. Kisha akakamua shati lake na kwenda kulianika mbali, upande wa pili wa ua, ingawa kamba ya karibu ilikuwa na nafasi tele.

Kunguru alisema hodi ya nne. Halafu akaketi kwenye kizingiti, mgongo kwenye mlango, na akaanza kuongea.

Hakuwa na mpango. Alianza na kunguru, kwamba ametotoa na watoto wana midomo mikubwa kuliko vichwa, na mama yao anawalisha mabaki ya chakula cha mafundi. Akaeleza habari ya Kasuku, nondo zilivyosimama hewani, honi, mguu uliokuwa nje ya ukingo. Akasema kwamba anakula amesimama. Akasema amefua magauni ya marehemu na kuyakunja mpaka mikunjo imechanika, na hajui ayafanye nini, na hakuna wa kumuuliza. Alipokaukiwa aliangalia ua, akataja anachokiona: ndoo ya bluu, kamba ya nguo, paka. Hakutaka kuwe na nafasi hata ya pumzi moja. Alisema kama Kasuku upande wa nyuma wa jengo, na hakujua mzigo uko wapi wala kuna nini chini yake.

"Mama yako alikuwa anatusemea sisi wote," alisema. "Mimi nilikaa pale kwenye kochi kama mtu anayesikiliza taarifa ya habari. Uliponyamaza nikaacha. Nilidhani ndiyo heshima. Haikuwa heshima, mwanangu, ilikuwa woga. Nilitakiwa nikuite."

Nyuma yake, karibu sana, kumbe na yeye alikuwa ameketi sakafuni ameegemea mlango ule ule, sauti ilisema, "Okei, baba. Nimesikia. Nenda tu upumzike."

Okei hii ilikuja na koo lake. Kunguru aliisikiliza kama alivyosikiliza maelfu ya okei kwa miaka yake yote ya hewani. Ilikuwa laini, yenye adabu, na chini yake palikuwa na mtu anayeshikilia kitu kizito peke yake. Alijua hivyo, au alidhani anajua. Zamani angeridhika na kudhani.

"Okei gani?" aliuliza.

Akageuka, akaweka sikio kwenye mbao za mlango.

"Nakuuliza, mwanangu. Okei gani hiyo?"

Alimsikia akiinuka sakafuni.

"Si okei," binti alisema. "Baba, si okei hata kidogo."

Komeo lilivutwa. Kunguru aliinuka kwa shida, magoti yamekufa ganzi, na mlango ulipofunguka alimwona amekonda, kitambaa kimefungwa vibaya kichwani, amevaa fulana ambayo ilikuwa ya mama yake. Hawakujua wakumbatiane vipi, hawakuwa na mazoea. Walifanya vibaya tu, bega kwenye kidevu, na ikatosha.

Binti alisimulia yote akiwa kitandani, baba akiwa kwenye kiti pekee kilichokuwepo. Alikuwa amegusa uvimbe, pale pale palipoanzia kwa mama. Siku hiyo ndiyo aliyopiga simu. Ulipokuja ule ujumbe wa kila kitu okei, aliandika yote, marefu, akayafuta, kwa sababu alimfikiria baba chini ya kreni akisoma neno hilo kwa mara ya pili katika maisha yake. Akaandika okei. Kisha akanyamaza aone kama baba ataita. Alikwenda kliniki peke yake, wakamchoma sindano wakachukua nyama ya kupima, wakamwambia arudi kwa majibu. Siku ya majibu alivaa, akafika mpaka kwenye geti la kliniki, akageuka. Akapangiwa siku nyingine, hakutoka hata chumbani. Alikuwa amekaa na jambo hilo hivyo hivyo, yeye anayewaeleza wateja kutwa jinsi ya kumeza vidonge vyao kwa wakati.

Kunguru alisikiliza. Kila kitu ndani yake kilitaka kusimama. Aliogopa, kwa sababu njia hii aliijua yote, kila kona yake, na aliapa hataikanyaga tena.

"Kesho tunakwenda," alisema. "Wewe utakuwa unatembea tu. Kusema niachie mimi."

"Wewe? Kusema?" binti akauliza, na kwa mara ya kwanza palikuwa na kicheko kidogo mle ndani, cha mama yake kabisa.

Asubuhi walitoka mapema. Mama wa kufua aliwafungulia geti la ua, akasema nendeni salama. Kliniki haikuwa mbali, ilikuwa ya kutembea, na Kunguru alisema njia nzima. Vuka sasa. Kuna shimo hapo, pita huku. Huyo mwenye baiskeli hana breki, msubiri apite. Taratibu, taratibu. Tumefika kwenye duka la vioo. Sasa lile jengo la kijani, unaliona, sasa ngazi. Binti alijibu okei kwa kila moja, na okei zake zilipokuwa nyembamba mno, baba aliuliza okei gani, na binti akasema ya tumbo kuuma, au ya miguu kukataa, na wakasimama mpaka miguu ikakubali. Getini, pale alipogeukia mara ya kwanza, walikaa zaidi. Kisha wakapita.

Kwenye ukumbi walikuta benchi refu na watu waliokuwa wanaangalia magoti yao. Walikaa mwisho. Pale maneno ya njia yaliisha, hapakuwa na shimo wala baiskeli, ila mlango mweupe na muuguzi aliyekuwa akitoka na kuita mtu mmoja mmoja. Kunguru alikumbuka mlango mwingine mweupe, na bila kujua akanyamaza.

Binti akamshika mkono, ule wa kulia, wenye kazi.

"Baba, usinyamaze."

"Sinyamazi," alisema. Akaanza upya na habari ya kunguru, jinsi alivyotafuta waya mmoja wa mwisho kuziba tundu la kiota, mrefu mno, mgumu, usiotaka kupinda. Muuguzi akafungua mlango akaita jina la binti. Wakainuka pamoja, na baba akaendelea kuongea wakiwa wanaingia.